Kozi Tatu na Kipande cha Sukari Guru

Nakumbuka siku niliyomwambia profesa wa Kimarekani kwamba kile kipande cha kahawia kilichokuwa kwenye kisahani chake ni jiwe la volkano. Nilisema kwa Kiingereza cha puani, kidole juu. Lakini nikianzia hapo, mwanangu, utacheka bila kujua unacheka nini. Acha nirudi nyuma kidogo.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo inaanza. Nilikuwa kidato cha tano, tukikaa mtaa wa Jamhuri hapa Nairobi. Baba yangu alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini, mtu wa Lamu, mpole, asiyevua kofia yake ila kwa kulala. Shuleni kwetu zikaenea habari kwamba vyuo vikuu vya fahari huko Marekani humpenda mwanafunzi ambaye amekwisha kusoma kozi za chuo kabla hajamaliza sekondari. Nani alizileta habari hizo sijui mpaka leo, ila mimi nilizimeza bila kutafuna. Nikaenda chuo kimoja cha mjini kilichokuwa na madarasa ya alasiri, nikajiandikisha kozi tatu kwa mpigo: Kifaransa, uchumi, na jiolojia, yaani elimu ya mawe na miamba. Utaniuliza kwa nini mawe. Foleni yake ilikuwa fupi.

Baba hakukataa. Alisema tu, "Jumamosi mjini huendi peke yako, Khadija. Tutakwenda sote. Mimi nitakaa nyuma kabisa, hata hutanisikia."

Hutanisikia! Darasa la jiolojia lilikuwa la Jumamosi, na mwalimu wetu, Bwana Wekesa, alikuwa kijana kutoka Bungoma mwenye sauti ya kuhubiri. Wiki ya pili tu, alipokuwa akieleza jinsi mawe ya Nairobi yalivyotokana na moto wa chini ya ardhi, nikasikia kikohozi ninachokijua.

"Samahani, mwalimu," baba akasema. "Mawe haya ya hapa ni ya kijivu, magumu. Mbona ya kwetu Lamu ni meupe, na ukiyapasua unaona kama magamba ya vidudu vya bahari?"

Nilitamani sakafu inimeze. Bwana Wekesa akaweka chaki chini, akamtazama kama mtu aliyepewa zawadi. "Mzee," akasema, "hilo swali lako ndilo somo la leo." Wakazungumza wao wawili mpaka saa ikaisha. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya daftari, nikiandika barua yangu ya maombi: nimesoma Kifaransa cha chuo, nimesoma uchumi wa chuo, nimesoma jiolojia ya chuo. Nilikuwa nimesoma siku tano zote pamoja.

Tangu hapo nyumba yetu ikabadilika. Baba akitoka kazini hushuka basi kituo cha Adams Arcade, akaja nyumbani kwa miguu akiokota mawe njiani, mifuko ya koti imemvimba. Akifika huyaosha ndani ya sufuria. Mama, Mungu amrehemu, alifunua sufuria ile siku moja akauliza, "Leo tunakula kokoto, au zinangoja mchuzi?"

Na mimi? Mimi nilikuwa na maringo, mwanangu, sikufichi. Nilimwambia muuza mboga "bonjour" naye akaniuliza kama ninaumwa. Nilitembea na vitabu vitatu vinene kifuani, majina yao yakitazama nje ili watu wayasome. Kemia yangu ya shule ikaanguka kutoka alama nzuri hadi alama ambayo mwalimu aliizungushia duara mara mbili. Sikujali. Kemia ilikuwa ya watoto wa shule. Mimi nilikuwa mtu wa chuo.

Basi barua ikaja. Profesa mmoja wa chuo kikuu nilichoomba alikuwa Nairobi, angewahoji waombaji katika ofisi moja katikati ya mji. Tukaenda, baba na mimi. Yeye akabaki kwenye benchi nje, mimi nikaingia. Profesa mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, miwani mikubwa, kikombe cha chai mbele yake. Na pale kwenye kisahani ndipo nilipokiona kile kipande. Hakuniuliza kitu. Mimi mwenyewe, kwa kimbelembele changu, nikasema, "Naona umepata sampuli nzuri ya jiwe la volkano kutoka Bonde la Ufa."

Akanitazama. Akakitazama kisahani. Kisha akakishika kile kipande taratibu, akakitumbukiza ndani ya chai, akakoroga.

Ilikuwa sukari guru, ile ya kahawia ya miwa. Alikuwa ameinunua sokoni asubuhi ile, na alikuwa ameipenda.

"Sasa niambie," akasema, bila kucheka, na hapo ndipo nilipomwogopa, "katika kozi hizi tatu, ni jambo gani moja lililokufurahisha?"

Nilitafuta kichwani, mwanangu, nikakuta majina ya vitabu tu. Machozi yakanijia. Nikaona nisiongeze uongo juu ya aibu, nikamwambia ukweli: kwamba sikumbuki kitu, ila swali la baba yangu juu ya mawe ya Lamu. Akaniambia nimsimulie. Nikamsimulia, na sufuria ya mama, na mifuko ya koti. Akacheka mpaka akavua miwani. "Yuko wapi huyu baba?"

Akamwita ndani. Nikakaa pembeni nusu saa nzima huku wawili hao wakizungumza habari za matumbawe na mawe ya moto, baba akitumia Kiingereza chake cha ofisini kana kwamba anaandika barua kwa mkuu wake. Tulipoaga, yule mama akaniambia, "Ningekuwa na nafasi moja ya kuwapa ninyi wawili, ningempa yeye."

Nafasi sikupata. Jibu lilikuja, fupi na la heshima.

Baba hakunigombeza. Nilipomwonyesha barua aliisoma mara mbili, akaikunja. "Khadija," akasema, "mimi na wewe tulikaa darasa moja. Mimi nilikuwa nikimsikiliza Wekesa. Wewe ulikuwa ukiwasikiliza watu wa Marekani, na wala hawajakuambia neno."

Nikaacha Kifaransa, nikaacha uchumi. Jiolojia nikaianza upya, safari hii nikiwa nimekaa nyuma, ubavuni mwa baba, ambaye sasa alikuwa amejiandikisha naye, na kemia nikairudia kwa haya. Mtihani wa kozi tuliufanya sote. Alinishinda. Kidato cha sita nikapita vizuri, chuo kikuu cha hapa nyumbani kikanichukua, na nikafundisha jiografia kwa miaka mingi kwa raha ambayo sikuwahi kuipanga.

Kwa hiyo, mwanangu, unayejaza fomu zako za ng'ambo, sikukatazi. Omba, tena omba vyuo vikubwa. Kozi ya chuo ukiiweza ungali shuleni, ichukue. Lakini chukua moja unayoipenda, ukae nayo mpaka ikuulize maswali, na masomo ya shule usiyadharau. Na ukiulizwa usichokijua, sema hujui. Hiyo barua yako ya maombi iandike mwisho, ukishakuwa na la kusema.

Mungu akufungulie milango ya mbali na ya karibu, akupe walimu wanaofurahia swali, na usiwaonee haya kamwe wazazi wako mbele za watu. Nenda salama, mwanangu, usome.