Nungunungu wa Astérie

Astérie Ntakarutimana, fundi cherehani wa mtaa wa Buzebazeba, ana vitabu vitatu nyumbani: Biblia, kitabu cha nyimbo, na hadithi ya watoto kuhusu nungunungu. Hicho cha tatu alipewa kwenye kambi ya wakimbizi na Mwalimu Gasper, akiwa na miaka kumi na mmoja, mwaka alioingia nchini kutoka Burundi na mama yake. Baba yake hakuvuka mpaka. Kiswahili alijifunzia humo. Alijua kusema "miiba" kabla hajajua kuomba chumvi.

Katika hadithi hiyo moto unateketeza kilima, nungunungu dume anafia shimoni, na jike anaondoka na watoto wawili kutafuta kwingine.

Mumewe, Jean, ni fundi wa injini za boti. Shule hakuipata. Kila mara Astérie alipotaka kumsomea, alijibu, "Hiyo ya watoto, Mama Lyse."

Mwaka jana filamu ya kitabu hicho ikaonyeshwa ukumbi wa parokia, Jumamosi mchana, na Jean akaombwa aangalie jenereta. Astérie alikaa mbele kabisa. Nungunungu wa filamu alikuwa anaongea, tena anaimba. Mwishoni dume akatokea vichakani, miiba imeungua upande mmoja, lakini yu mzima. Ukumbi wote ukapiga makofi. Jean, pale mlangoni, alijifuta macho kwa mkono wenye grisi.

Njiani kurudi nyumbani Astérie alitembea mbele, haraka.

"Umekasirika," Jean alisema.

"Yule alikufa. Sura ya tatu. Wamemfufua bure."

"Mimi nilifurahi aliporudi."

"Najua. Nilikuona."

Walipita nyumba kadhaa. Kisha Jean akauliza, "Sasa kitabuni, mama yule alifanyaje peke yake?"

Kwa miaka kumi na sita ya ndoa hakuwahi kuuliza swali hilo.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Astérie alitandika mkeka uani, akasoma. Jean hakulala. Alitaka kujua mbona nungunungu haongei.

"Kwani nungunungu anaongea?"

"Haongei. Hata injini haiongei, lakini mimi naelewa inachotaka. Haya, endelea."

Wakafika pale jike anapopata kilima kipya. Astérie akasoma polepole: "Akachimba shimo la kuwatosha wanne, akalala na wanawe upande mmoja."

"Rudia hapo," Jean alisema.

Akarudia. Jean alikunja vidole vitatu, akakiangalia kile cha nne.

"Hapa kitabu kimeshinda," alisema.

Astérie naye akakubali jambo moja. Kitabuni imeandikwa tu kwamba chui alipokaribia, miiba ilipiga kelele. Kule ukumbini aliisikia hiyo kelele, kama maharage makavu ndani ya debe. Miaka yote hiyo hakuwa amejua inalia hivyo.

Tangu hapo wanasoma kila Jumapili. Jean humkatiza kila ukurasa, akimkumbusha kwenye filamu mahali hapo palikuwa na nini, na mara nyingi yeye ndiye anayekumbuka vizuri. Hubishana mpaka chai inapoa. Binti yao Lyse, aliye kidato cha pili, huvuta kigoda chake karibu na kujifanya anasoma jiografia.