Kabla Jeneza Halijafungwa

Ukifika Kanyakine uulize kwa Celina wa ndizi, utaonyeshwa hata na mlevi. Mama huyu ameuza ndizi pale sokoni tangu mume wake afe, na kwa ndizi hizo hizo alimsomesha Kendi, mtoto wake wa pekee, mpaka akaenda Uingereza kutunza wazee wa watu. Celina ni mkali. Ukibonyeza ndizi yake kuona kama imeiva, atakuuliza ulisomea wapi udaktari. Lakini kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa mtu mwingine. Alikaa mbele ya kompyuta aliyonunuliwa na Kendi, akaondoa kitambaa cha kufuma kilichoifunika, akabonyeza pale alipofundishwa kubonyeza, na mtoto akatokea. Wakaongea mpaka chai ikapoa. Mambo mengine ya kompyuta hakuyajua, wala hakutaka kuyajua.

Sasa Kendi alikuwa amekufa. Alianguka kazini, wakasema ni moyo, na mipango ya kumleta nyumbani ikashindikana. Angezikwa huko huko Jumamosi, saa nane mchana ya huku kwetu, na ibada ingeonyeshwa kwenye mtandao. Hamda, msichana wa Meru mjini aliyekuwa akiishi na Kendi nyumba moja, alimweleza Celina yote bila kumficha: jeneza litafunguliwa mwanzoni, watu wapite waage, halafu lifungwe. Likishafungwa, basi.

Hapo ndipo roho ya Celina ilikuwa imeng'ang'ania. Hakumwambia mtu, lakini mimi nitakuambia: hakuamini. Akina Kendi si wengi? Na wazungu kwani hawakosei? Wasichana wawili weusi, majina yamekaribiana, karatasi zimechanganyika hospitalini, mambo kama hayo hutokea. Mpaka auone ule uso kwa macho yake, kwake Kendi alikuwa bado hajafa. Kwa hivyo saa nane aliitaka na aliiogopa, vyote pamoja.

Siku hiyo boma lilijaa. Matanga ni matanga hata kama hakuna kaburi la kuchimba. Akina mama wa kanisa walikuja na sufuria zao, wanaume wakaja na shoka na panga, maana watu wakilia lazima wale, na chakula cha watu wengi kinataka kuni. Mithika, mdogo wa marehemu mume wake, akachungulia mlangoni akauliza akate mti gani. Celina alikuwa anapanga viti mbele ya kompyuta, hata hakugeuka.

"Kata ule mukima wa karibu na choo, shemeji. Umezeeka."

Saa nane ikikaribia, Kaburu akaketi kwenye kompyuta. Kaburu ndiye hushughulikia vipaza sauti kanisani, kwa hivyo parokia nzima inaamini anajua kila kitu chenye waya. Akafungua ukurasa wa ibada aliotumiwa na Hamda. Ukaja mweupe. Akafungua tena, mweupe.

"Ni mtandao tu, Mama Kendi. Utashika."

Haukushika. Kompyuta ilisema imeunganishwa na waifai ya nyumba, ila intaneti hakuna. Kaburu akaizima, akaiwasha, nayo ikachukua wakati wake kuamka. Bado. Akaifanya isahau ile waifai, akaomba paswadi, ikabidi Celina aisome kwenye kibandiko ambacho mafundi walikibandika ukutani, herufi na nambari zimebanana, miwani inateleza kwa jasho. Akakosea. Wakarudia. Ikakubali, alama ya waifai ikajaa yote, na intaneti bado hakuna.

"Mimi naona ni kompyuta ndio iko na shida," Kaburu akasema.

"Jana jioni tumeonana na Hamda kwa hiyo hiyo kompyuta."

Mama mmoja akatoa simu yake, na mwingine yake. Lakini nyumba ya Celina iko chini bondeni. Kupiga simu tu unatafuta mahali pa kusimama, seuze picha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, mpaka wakazirudisha mifukoni. Saa nane ikafika. Akina mama wakaanza kuomba kwa sauti ya chini.

Celina akamshika Kaburu bega. Mama ambaye sokoni hajawahi kumbembeleza mteja hata siku moja, sasa alikuwa anabembeleza.

"Kaburu, fanya kitu. Watamfunga. Nakuomba mwanangu, watamfunga kabla sijamwona."

Ndipo Kaburu akakumbuka raota, kile kisanduku kinachotoa waifai. Ilikuwa juu ya kabati la vyombo, nayo imevikwa kitambaa chake cha kufuma, kwa sababu kwa Celina hakuna kitu kinachokaa uchi. Kaburu akakivuta. Taa nyekundu ilikuwa inawaka na kuzima. Muda wote huo wanahangaika na kompyuta, na jibu liko pale juu limefunikwa kwa maua!

"Hii huwa ya kijani," akasema. "Ikiwa nyekundu, waya hauleti kitu."

Wakatoka nje wakifuata waya. Ulipita dirishani, ukashika ukingo wa paa, kisha ukaenda zake kuelekea barabarani, umefungwa mti kwa mti, maana mafundi walioleta mtandao hawakuwa na nguzo za kutosha wakaamua kutumia mikima ya Celina. Karibu na choo ukakomea hewani. Chini palikuwa na kisiki kibichi, na katikati ya magogo ncha ya pili ya waya ilikuwa imechomoza, imekatwa safi.

Mithika alikuwa amesimama na shoka lake. Akautazama waya, akawatazama.

"Nilidhani ni kamba ya nguo," akasema.

Celina alifungua mdomo amtukane. Kisha akakumbuka ni nani aliyemwambia akate mti upi, akaufunga. Afadhali angekuwa na mtu wa kumlaumu.

"Huu hatuwezi kuunga hapa," Kaburu akasema. "Twende barabarani. Simu yangu hushika huko juu."

Mlima ule Celina huupanda akipumzika mara mbili tatu. Siku hiyo hakupumzika. Ndara moja ilibaki kwenye matope na hakuiangalia, goti linauma, kifua kinawaka, na Kaburu anamvuta mkono. Walipofika kwenye kinu cha posho, picha ikafunguka. Watu walikuwa wanaimba. Jeneza lilikuwa limefungwa, na maua yamewekwa juu yake.

Kaburu akampigia Hamda, naye akatoka nje kupokea.

"Mama, tulikungoja. Nilimwomba yule mtu wa kufunga jeneza asubiri, akasubiri, mwisho akasema hawezi zaidi."

"Mwambie afungue tena."

"Hawawezi, mama."

Lori la ndizi likapita, Celina akangoja kelele zake ziishe.

"Wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Niambie vile ungemwambia mama yako, Hamda. Alikuwa yeye?"

Hamda alilia kwanza, ndipo akajibu. "Ni yeye, mama. Jana nilienda nikamsuka mimi mwenyewe. Zile nyembamba za kurudi nyuma, vile hupenda."

Celina akachuchumaa pale kando ya barabara. Alilia kilio ambacho Kaburu hajakisimulia mpaka leo. Ukimuuliza, anageuza maneno. Kwa mama yake, Kendi alikufa saa hiyo.

Walirudi polepole. Watu wote bomani walisimama. Mithika alikuwa ameketi juu ya gogo, kikombe chake cha chai hakijaguswa. Ni yeye aliyeuliza, bila kuinua kichwa.

"Ulimwona, Mama Kendi?"

Kaburu akaangalia chini. Celina akamtazama shemeji yake.

"Nimemwona," akasema. "Wamemsuka vizuri."

Mithika akajifunika uso kwa koti. Celina akaomba aletewe kiti, akakaa karibu naye.