Meno ya Bwana Picha

Maisha yake yote Bwana Picha amekuwa akiwaambia wateja wa studio yake, "Cheka kidogo! Onyesha meno!" Yeye mwenyewe hakuwa na picha hata moja aliyopigwa akicheka. Meno yake yalikuwa yamelika, mafupi, kwa sababu aliyasaga usingizini. Mkewe alimwambia miaka nenda miaka rudi, naye jibu lake moja: "Mimi? Labda uliota."

Binti yao alipochumbiwa, baba alimkataa mchumba hadharani. Wakanuniana weee, mpaka mama akawapatanisha. Binti akaomba kitu kimoja tu: "Baba, siku ya harusi ucheke kwenye picha, watu wajue umeridhia."

Basi mzee akaenda kwa daktari wa meno kubandikwa juu ya meno vigamba vyembamba vya kauri, vyeupe pe. Daktari akamuuliza, "Unasaga meno ukilala?"

"Hapana," akajibu kwa macho makavu.

Jamani, mtu anamdanganya daktari ili iweje? Angesema kweli, angepewa kinga ya plastiki ya kuvaa akilala. Meno yakachongwa ili vigamba vikae, vikabandikwa, akarudi studio akijichekea kwenye kioo.

Asubuhi ya harusi aliamka na kitu kama mchanga mdomoni. Vigamba viwili vya mbele vilikuwa vimevunjika, vimebaki visiki vya njano. Akampigia daktari simu.

"Mzee, ulinificha," daktari akasema. "Kauri haiwezi taya linalosaga. Leo siwezi kukusaidia. Na meno yenyewe nimeshayachonga, hayarudi yalivyokuwa."

Wakati wa picha, mzee akafumba mdomo. Binti akamgeukia, machozi yanamlenga.

"Hata leo, Baba?"

"Yamevunjika, mwanangu. Nimeyasaga usingizini."

"Si wewe unayesema husagi? Haya, nione."

Wageni walikuwa wamesimama pale, simu juu. Mzee akaona haya, akazidi kubana midomo.

"Ungesema tu kwamba humtaki," binti akasema.

Siku chache baadaye akatuma ujumbe: "Ile picha, Baba, kata upande wako. Nibaki na Mama."

Mzee akakaa mbele ya kompyuta ambayo tangu aijue ameitumia kuwang'arishia watu meno yao pichani. Alijitazama alivyonuna kando ya mwanawe, roho ikamuuma. Kisha akajikata kwenye picha. Alikuwa amekaza taya bila kujua, na kigamba cha tatu kikabanduka mdomoni.