Nilijenga nyumba Goma, mama akaikataa kwa sababu ya misumari yangu

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi huwa msomaji tu. Napita kwenye nyuzi za watu, nacheka, naondoka. Leo nimeona nami niandike ya kwangu, na sitatia chumvi, maana hata bila chumvi aibu yenyewe inanitosha.

Mimi ni fundi seremala, niko Njombe. Ni mbishi na napenda sifa, kwa hiyo msinishangae huko mbele.

Miaka kadhaa nyuma kanisani kwetu walitangaza safari ya kwenda Goma, Kongo, kujengea nyumba familia zilizokimbia vita. Wanatafuta mafundi wa kujitolea. Mchungaji hajamaliza kusema, nimeshanyoosha mkono. Mke wangu akanivuta shati, "Si jana ulisema mgongo unauma wewe?"

Nikamwambia mgongo wangu unauma kwenye kazi za majirani tu.

Tukasafiri watu kumi na mmoja, mchungaji akiwemo. Basi mpaka nimesahau kama nina miguu. Tukapitia Rwanda, tukavuka mpaka, tukafika Goma Jumamosi mchana. Tulifikia kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, maeneo ya Himbi, ziwa unaliona palepale. Nikasema huku ndiko kwenye shida? Mbona pazuri hivi!

Jumapili ibadani nikaitwa mbele nisalimie. Nikajitutumua, "Bwana asifiwe! Mimi ni fundi kutoka Bongo!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Wamama wamejifunika vitenge usoni, mabega yanatikisika. Mimi najua wamenipenda, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Nilipokaa, jamaa mmoja akaniinamia sikioni. Anaitwa Papa Kambale, fundi mwenyeji, kwao asili Butembo, mji wa kaskazini zaidi, ndiye aliyepangwa kufanya kazi na mimi. "Papa, huku kwetu bongo ni uongo. Umesema unatoka mu uongo. Mara mbili."

Dah. Safari ikaanza hivyo.

Jumatatu tukaenda site, pembeni ya mji. Familia zilikuwa tatu, mimi na Kambale tukapewa ya Mama Riziki. Huyu mama alikimbia Kibumba, sehemu ya wakulima kwenye barabara ya kwenda Rutshuru. Alikuwa na mama yake mzazi, bibi mmoja mdogo wa umbo lakini mdomo wake si mdogo, na mabinti watatu. Wote watano chini ya turubai moja. Mvua ikinyesha wanasimama katikati.

Turubai lenyewe lilikuwa kwenye kiwanja cha muumini mmoja aliyewapa hifadhi, na nyumba tunaijenga hapohapo. Hilo la kiwanja tuliambiwa siku ya kwanza kabisa. Likaingia sikio hili, likatokea lile.

Nikatoa sururu nichimbe msingi. Nilitoka nayo Njombe, wakuu, nimeibeba mipaka yote. Nikaipiga chini, ikatoa cheche, mikono ikafa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Huchimbi. Unapanga mawe juu, halafu nyumba ya mbao inakaa juu ya mawe.

Bibi alikuwa ananiangalia tu. "Huyu papa anatafuta nini mule chini?"

"Anatafuta msingi," Kambale akamjibu.

"Akiuona atuite tuuone."

Basi tukapanga mawe, tukaanza mbao. Na hapo ndipo nilipojiachia. Wenzangu wanapiga msumari mmoja, mimi napiga miwili, ukitokeza upande wa pili naukunja. Kenchi za paa nikafunga mpaka Kambale akaniuliza kama kwetu kuna vimbunga. Ndani ya siku tatu fremu imesimama, kuta tatu zimeziba. Nikawa napita nikizigonga kwa ngumi ili watu wasikie.

Mama Riziki alitupikia kila siku. Fufu, yaani ugali wao, sombe, ambayo ni kisamvu chetu, na sambaza, vile vidagaa vya ziwa la Kivu, vilivyokaangwa vikakauka. Wakuu, vile vidagaa ni habari nyingine. Lakini nikagundua kila jioni anazunguka nyumba, anagusa vichwa vya misumari kwa kidole, hasemi kitu.

Jumatano jioni akaniuliza.

"Papa fundi, hii misumari itatoka namna gani?"

Nikacheka kwa raha. Hilo ndilo swali ninalolipenda. "Haitoki, mama! Hii hata tembo aje na ukoo wake, haitoki!"

Hakucheka. Akaangalia nyumba, akaniangalia mimi.

"Basi, papa, aksanti sana. Mupatie mutu mwingine. Mimi nitabakia mu turubai."

Nikadhani ni Kiswahili chao kinanichanganya tena. Nikamtazama Kambale anitafsirie. Kambale akawa anasoma lebo ya mfuko wa misumari.

Nilikasirika, siwadanganyi. Nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani kujipiga kofi. Nimeacha watoto, nimeacha karakana, nimekaa kwenye basi siku mbili, halafu mtu wa kwenye turubai ananichagulia? Mama Riziki akainamisha kichwa. Bibi akaingia ndani ya turubai bila utani, na bibi kunyamaza lilikuwa jambo zito.

Mchungaji wetu naye akasema kama hataki, kwenye orodha wapo wengine wengi, apewe anayefuata.

Kwa hiyo hali ikawa hivi: tumebakiwa na siku tatu, na familia ya watu watano inakosa nyumba kwa sababu ya misumari.

Alhamisi asubuhi Kambale hakunipeleka site. Akasema, "Kuya, tutembee kidogo." Nikamfuata nimenuna.

Tukasimama kando ya barabara. Chukudu zinapita, vile vyombo vyao vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo, huyu na viazi, huyu na makaa. Mara naona zinakuja mbili zimefuatana. Ya kwanza imebeba kuta. Kuta kabisa, zimelazwa zikafungwa kamba. Ya pili ina mabati na mlango, mlango una komeo lake. Nyuma yake mama amebeba dirisha kichwani, pazia bado linaning'inia.

"Wale wanahama," Kambale akasema.

"Wanahama nyumba?"

"Wanahama na nyumba. Huku kiwanja kinaweza kuwa cha mwingine, lakini mbao ni za kwako. Mwenyi kiwanja akisema toka, unavunja, unaenda nayo. Wewe umejengea Mama Riziki nyumba yenye haiwezi kuvunjika. Sasa ile nyumba ni ya nani?"

Nikalifuata lile pazia kwa macho mpaka likapotea.

Ni ya mwenye kiwanja, wakuu. Nimetoka Njombe na mgongo wangu kumjengea mtu ambaye ana nyumba yake tayari. Nikaona uso unawaka moto.

Tukarudi. Mama Riziki alikuwa anachambua sombe. Nikachuchumaa mbele yake nikamwomba msamaha, na kwa mbishi kama mimi lile neno lilitoka kwa shida kuliko msumari wowote. Nikamuuliza kile ambacho nilitakiwa kuuliza Jumatatu. Mama, wewe unataka nyumba gani?

Akaniambia. Kule Kibumba ana shamba, ni udongo mweusi, viazi vinatoka ukubwa wa ngumi mbili. Nyumba yake waliyoiacha ilivunjwa, mbao zake zikapikiwa. Kwa hiyo vita ikiisha shamba lipo, pa kulala hapana.

"Nikikuwa na nyumba ya kubeba, siku ile watasema vita imeisha, mimi naenda siku ile ile. Nikikosa, nitabakia hapa Goma mpaka nizeeke, niko naangalia mulima ya kwetu kwa mbali. Unaelewa, papa?"

Nilielewa. Nikamwambia haki ya Mungu nimeelewa.

Kazi sasa ilikuwa kumwambia mchungaji. Yeye alikuwa anawaza picha za kuwaonyesha waumini nyumbani, maana walishaahidiwa nyumba ya kudumu. Nikamwambia, mchungaji, wana wa Israeli walikaa na Mungu kwenye hema la kubeba miaka arobaini, na hakuna aliyelalamika kuhusu picha. Akasema, "Fundi, leo umehubiri. Kang'oe misumari yako."

Hapo ndipo nilipokutana na mimi mwenyewe. Kila msumari nililaani aliyeupiga, na aliyeupiga ni mimi. Nilipokunja, mbao zinapasuka. Bibi akarudi kwenye hali yake, akavuta kigoda akakaa. "Papa wa Bongo, ule tembo wako tumuite akusaidie?" Mabinti wanaokota misumari wanainyoosha kwa jiwe huku wanakufa kwa kicheko. Mimi nacheka, natoka jasho, mgongo umekumbuka kuuma.

Kambale akaenda sokoni akarudi na bolti na nati. Ijumaa yote tukatengeneza kuta upya, kila ukuta vipande viwili, kila kipande watu wawili wanakibeba. Pembe zote zinashikwa na bolti. Mabati tukayapiga misumari michache ya kung'oka kirahisi. Timu za nyumba nyingine walipomaliza wakaja kutusaidia, mchungaji mwenyewe akawa ananishikia drili.

Jumamosi saa nne nyumba imesimama. Watu wamejaa, mchungaji ameshika Biblia, tayari kwa kuiweka wakfu.

Mama Riziki akanyoosha mkono. "Ngoja kidogo, pastere. Papa fundi, nipatie spana."

Nikampa. Akaifungua nyumba! Yeye, mama yake na mabinti watatu, mbele ya mkutano mzima. Mmoja anashika ukuta, mwingine anafungua nati anaitia kwenye sufuria. Mabati yakashuka, kuta zikalala. Bolti moja ikagoma, nikanyanyuka kwenda kusaidia, bibi akanizuia na fimbo. "Kaa! Barabarani utakuwepo?" Nikakaa. Nikawaza wakishindwa hii moja, yote yamekuwa bure. Mama Riziki akaiegemea spana kwa uzito wake wote, ikalia nyii, ikaachia.

Watu walivyopiga kelele pale, hata mpira huwa hawapigi hivyo.

Mchungaji akauliza sasa aombee nini, nyumba si iko chini? Mama Riziki akamwambia, "Ombea tu, pastere. Mungu anaiona." Basi akaombea marundo ya mbao, watu wanacheka na macho yamefungwa. Halafu wakaiinua upya wenyewe, nami nikagusa misumari ya mabati tu. Jioni wakalala ndani. Tulipoondoka Jumapili turubai lilikuwa limekunjwa, bibi amelikalia.

Karibu mwaka ukapita.

Siku moja niko karakana, namfungia mteja kabati, simu ikaita, namba ya Kongo. Napokea, nasikia upepo na watoto wanapiga kelele. Halafu sauti ya Mama Riziki inakuja juu.

"Papa fundi! Nyumba yako nimeivunja!"

Nikauliza, "Umeivunja? Uko wapi, mama?"

"Kwetu! Niko kwetu Kibumba! Imesimama mu shamba, tumeingia leo!"

Wakuu, nikaketi kwenye maranda ya mbao nikalia mbele ya mteja. Akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia hapana, kuna nyumba yangu imevunjwa. Mpaka leo yule mteja ananiangalia kwa wasiwasi.

Hali ya kule imebadilika mara ngapi tangu siku ile, sijui kama bado wapo. Namba haipatikani tena. Ila siku ile moja aliingia kwao na nyumba yake, na mimi nilikuwa na mkono wangu mle.

Nilichojifunza ni kidogo sana, nakisema bila kupamba. Kabla hujamsaidia mtu, muulize anataka nini, halafu mwache amalize kujibu. Mimi nilifika na jibu begani, pamoja na sururu.

Haya, uwanja ni wenu. Waliowahi kwenda kujitolea wakarekebishwa na waliokwenda kuwasaidia, semeni msione aibu, yangu mmeshaisoma. Na kama kuna mtu wa Kibumba humu, anayemjua mama mmoja mwenye mama yake mwenye mdomo, mwambie fundi anauliza viazi vya mwaka huu vimetokaje.