Nukta Nyekundu kwenye Kingfisher

Eda yangu ilipomalizika, mwanamume wa kwanza kupiga simu kuomba ruhusa ya kuja nyumbani alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, anayekaa Hail, upande wa pili wa mji. Alitaka kuchukua ndege.

Nasema ndege, lakini ni videge vya plastiki, kila kimoja kinakaa kiganjani. Mume wangu alivitengeneza kwa miaka mingi katika chumba cha nyuma, hapa Amerat. Alichagua ndege za kijeshi za Kimarekani za kabla ya Vita vya Pili na za wakati wa vita vyenyewe, tena zile zisizopata sifa. "Zilizo mashuhuri zina watu wake," alikuwa akisema. "Hizi atazikumbuka nani?"

Rafiki yake alikuwa na ugonjwa huo huo wa videge. Sasa alitaka kuweka ndege kumi na moja kwenye maonesho madogo ya wenzao, pamoja na kadi yenye jina la marehemu.

"Na ile Kingfisher nnaitaka iwe mbele," aliniambia. "Ndiyo ya mwisho, sivyo?"

Nikasema ndiyo, nikakata simu.

Kingfisher haina magurudumu. Ina boya moja kubwa chini ya tumbo na mawili madogo chini ya mabawa. Ilirushwa kutoka kwenye manowari, ikatua baharini kuokota marubani walioanguka. Mume wangu aliipenda kwa kazi hiyo. Lakini alipofikia kuiunda, macho yake yalikuwa yamekwisha. Aliunga vipande kwa kupapasa, rangi nikapaka mimi. Ndege tano za mwisho zote nilizipaka mimi, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Ndege hizo zina nyota nyeupe ndani ya duara la buluu. Katika zile za zamani nilizotangulia kupaka, katikati ya nyota palikuwa na nukta nyekundu. Stika za Kingfisher hazikuwa nayo; zilikuwa na vipande vyeupe kandokando ya nyota. Nikadhani waliozichapa wamesahau. Nikachovya kijiti cha meno kwenye rangi, nikaitia katika nyota zote nne. Ilipokauka, mume wangu akapitisha kidole juu ya bawa, akasema, "Mkono wako hautetemeki, mke wangu." Sikumwambia kwamba nimeongeza kitu.

Nikiwa edani nilifungua kitabu chake kutazama picha, nikaona nyota za Kingfisher hazifanani na zangu. Mimi niliishia darasa la sita, Kiingereza kinanishinda. Nikamwita wifi yangu, dada wa marehemu, aliyekuwa akikaa nami, anisomee. Nukta ile ilifutwa mwaka 1942, kwa kuwa vitani ilichanganywa na duara jekundu la Wajapani. Vile vipande vyeupe kandokando ya nyota vilikuja mwaka uliofuata. Kingfisher yetu ilikuwa na vyote viwili. Ndege kama hiyo haijapata kuruka.

"Kitu kidogo kama punje ya mtama," wifi akaniambia baada ya ile simu. "Nani ataona?"

"Huyo anayekuja."

Nilikuwa na sababu ya kumwogopa. Aliwahi kuleta ndege yake aina ya P-26, ambayo magurudumu yake pamoja na miguu hufunikwa, naye akayaacha wazi. Mume wangu akamuuliza mbele ya wageni, "Bwana, mbona umemvua suruali?" Akamtania hivyo mwezi mzima. Sasa mtu huyo huyo angeiona nukta yangu, na lawama ingemwangukia aliye kaburini.

Kukwangua niliweza. Mara mbili nilishika wembe. Lakini kufuta kimyakimya kungeficha kosa langu, na kadi ingebaki ikimsifu yeye kwa mkono wangu. Sikujua tena nnamlinda yeye au nnajilinda mimi.

Alikuja baada ya Alasiri. Wifi alikaa nami majlisi, chumba cha wageni. Mgeni alikunywa kahawa, akavaa miwani, akaichukua Kingfisher na kuigeuzia dirishani. Kidole chake kikasimama kwenye nyota.

"Shemeji," nikasema, "nukta hizo nimetia mimi. Yeye hakuziona. Na rangi yote ni yangu, hiyo na nne za kabla yake."

Hakuinua macho. "Alinicheka mwezi mzima kwa suruali ile."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya pazia, nami nilicheka."

Wifi akaficha mdomo kwa ushungi. Mgeni alicheka kidogo, kisha akatoa kadi mfukoni. Ilikuwa na jina moja.

"Kadi nimekwisha kuiandika. Tufanyeje?"

"Andika nyingine. Utaje aliyeunga na aliyepaka."

"Na nukta zibaki?"

Nilifikiri. Mume wangu hakuweza kukaa na ndege yenye kosa nyumbani mwake. "Zitoke," nikasema. Akatoa kisu kidogo. "Hapana, shemeji. Niachie mimi."

Aliondoka na kumi. Hii moja iko dirishani, inakauka. Nimekwangua, nikapaka nyeupe mara tatu, na nikiiinamisha kwenye jua bado naona wekundu kwa mbali. Atarudi Alhamisi. Nitamwonesha mahali penyewe, asitafute.