Mkono wa Katekista

Katekista mstaafu wa Uvira, mwana wa mhunzi, aliyefundisha sala vijiji saba na kuwatia msalaba watoto wasiohesabika, sasa anakaa dirishani kwa mwanawe huko Hyattsville, ughaibuni, akiugombeza mkono wake wa kulia. Tangu kiharusi umelala mapajani kama paka wa jirani asiyeitika. "Inuka!" Anahama kiti, anarudi, anahema. Akimana, mke wa mwanawe, kila anapomfunga vifungo vya shati humsikia akirudia somo la mapadri wa kale: akili huonyesha, utashi huamuru, viungo hutenda. "Mimi nimeamuru tangu alfajiri!"

"Labda mkono umegoma, Baba," Akimana anamtania, "kama madereva wa basi."

Hacheki. Leo mjukuu wake, binti wa Akimana, anakwenda chuo cha mbali, na hakuna aliyewahi kutoka nyumba hii bila msalaba wa babu kwenye paji la uso. Mkono wa kushoto hataki hata kuusikia. Gari linanguruma nje; binti amepiga magoti, anangoja. Mzee anautazama mkono, kisha anamgeukia Akimana.

"Mama, kutaka ni kwangu, kutenda kuwe kwako. Mkono niliuamuru tu, sikuuomba hata siku moja. Wewe nakuomba: mtie mtoto msalaba."