Kwaya ya Bebi

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: santuri ile siiuzi, siiazimishi, na karatasi iliyobandikwa juu yake haibanduliwi. Wamekuja wa kila namna. Mjukuu wangu amekuja na simu yake, kijana wa Dar amekuja na glovu nyeupe kama anakwenda kumpasua mtu, na wote wamekunywa chai yangu wakaondoka kama walivyokuja. Sasa kaeni niwaambie ninyi mliokimbia mchakamchaka alfajiri na kula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, maana ninyi ndio mtakaonielewa.

Sisi tuliokulia upande wa Mpemba, jirani na Tunduma, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, muziki haukukaa mfukoni. Ulikuja umebebwa. Wetu uliletwa na baba yangu, mzee Sikazwe, aliyekuwa amefanya kazi migodini kule Zambia. Wenzake walirudi na baiskeli na mablanketi. Yeye akarudi na gramafoni ya betri, ile ya kufunga kama sanduku, na kikapu cha santuri za soul. Mama alizitazama zile sahani nyeusi, akauliza, "Hizi tutapakulia nini?" Siku kadhaa zilizofuata alitupikia mboga bila chumvi.

Lakini Jumamosi mchana, tukishatoka kupalilia shamba la kijiji, hata yeye alisogeza kigoda. Baba alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kuigusa santuri, na sabuni ya miaka ile mnaijua ilivyopatikana. Mama alilalamika kwamba santuri zinaoga kuliko watoto. Mawe ya betri yakichoka tuliyaanika juani kwenye jamvi moja na kahawa, tukayageuzageuza mpaka yapate nguvu ya wimbo mmoja au miwili. Gramafoni ikipata moto ilitoa harufu ya vumbi na plastiki, na mimi mpaka leo nikiisikia harufu hiyo natabasamu peke yangu.

Sharti lilikuwa moja: hakuna kurukaruka. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo, na mtoto akitua kwa kishindo sindano inaruka na kukwaruza santuri. Kwa hiyo tulijifunza kucheza bila miguu. Tulikaa chini tumenyoosha miguu, tukacheza kwa mabega, shingo na macho. Nendeni kwenye harusi yoyote Tunduma leo, mkiona bibi kizee amesimama kama nguzo huku mabega yanafanya kazi yote, mjue katoka nyumbani kwetu. Wajukuu wananicheka. Wao wanarusha miguu kila upande mbele ya simu, na wimbo wenyewe ukiisha hawawezi kukuambia aliyeimba ni mwanamume au mwanamke.

Kati ya zile santuri kulikuwa na moja iliyotushika kuliko zote. Waliimba wanaume watupu, sauti nne, moja nene iliyotoka chini ya ardhi na moja nyembamba ya kukuliza. Kabla ya ubeti wa mwisho mmoja wao anacheka kidogo, kicheko cha pumzi, kama mtu aliyekonyezwa. Kiingereza hatukukijua. Neno tulilolishika lilikuwa bebi, kwa sababu walilirudia kila walipovuta pumzi.

Ndipo kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti wetu, mzee Simkonda, akasimama akatangaza kuwa muziki wa soul ni kasumba ya mabeberu, unawavalisha vijana suruali za pekosi na kuwafanya walikimbie jembe. Akasema atapita nyumba kwa nyumba kukusanya santuri. Huyu hakuwa mzaliwa wa pale. Yeye na mkewe, Mama Chanda, waliletwa kwetu na uhamishaji wa vijiji, na habari zao za nyuma hatukuzijua. Mkewe alikuwa Mbemba wa upande wa Zambia, lakini mpakani kwetu mke wa Kibemba si habari ya kumsimamisha mtu njiani.

Jioni ile baba alichana karatasi kwenye daftari langu la hesabu, akaweka kikombe cha chai juu yake akachora duara. Akakata karatasi mbili. Kwa ugali uliobaki mchana akazibandika katikati ya ile santuri tuliyoipenda, pande zote mbili, zikafunika jina la wimbo na jina la waimbaji. Akaandika kwa herufi kubwa: KWAYA. NYIMBO ZA DINI. Namba zilizochongwa karibu na tundu akazikwangua kwa msumari, maana baba alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Mama akamuuliza mbona nyingine hakuziandika. Baba akasema, "Akikuta zote ni za dini atashtuka. Lazima apate cha kuchukua." Basi akaokoa moja akaziacha nyingine ziende, na nilimwona anazifuta vumbi kwa shati lake, moja moja, kabla ya kuzirudisha kikapuni.

Mwenyekiti alikuja kesho yake na mgambo. Kikapu kikatoka nje. Kisha akaiona ile iliyobaki kwenye gramafoni.

"Na hii?"

"Kwaya, mwenyekiti."

"Piga nisikie."

Baba akapiga. Sisi watoto tulikaa ukutani, mabega yamekauka kama mbao, tukiomba yasijicheze yenyewe. Wale wanaume wakaanza kulia bebi, bebi. Mwenyekiti akainua mkono.

"Bebi ndiyo nini?"

"Mtoto, mwenyekiti."

"Mtoto gani?"

Baba akatazama paa, na nadhani hata yeye hakujua atasema nini mpaka aliposikia amesema. "Mtoto Yesu."

Mwenyekiti akavua kofia. Akasimama ameinamisha kichwa mpaka wimbo ukaisha, kicheko na vyote. Halafu akasema, "Rudia." Baba akarudia. Alipotoka akamwambia mgambo kwamba ya dini haina shida, ibaki. Kikapu chetu kikaondoka begani kwa mgambo na hatukukiona tena.

Mkitaka kucheka, chekeni sasa. Habari ikasambaa kwamba nyumbani kwa Sikazwe kuna kwaya ya ng'ambo, na mwalimu wa kwaya ya kanisa akaja kusikiliza. Baba angesemaje? Krismasi ile kijiji kizima kiliimba wimbo wa mapenzi mbele ya altare, kwa maneno yaliyotungwa na mwalimu wa kwaya, bebi amezaliwa, bebi amelazwa horini, huku baba amekaa benchi la nyuma jasho linamtoka. Mama Chanda hakukosa mazoezi hata mara moja. Aliimba huku machozi yanamchuruzika, na akina mama wakasema yule mgeni ana imani kubwa.

Baba alifariki mimi nimeshaolewa. Picha hakuacha. Barua hakuwa mtu wa kuandika. Mwandiko wake wote duniani ni zile karatasi mbili zilizobandikwa kwa ugali. Na jina la wale waimbaji liko chini yake. Nilikuwa nimemuuliza akiwa hai, akaniambia aliinunua kwa sababu ya sauti, jina hakulitilia maanani. Sasa niambieni, mngefanya nini? Nibandue nimpate mwimbaji, nimpoteze baba? Nikakataa. Nikasema jina nitalipata na karatasi haitaguswa.

Ndiyo maana watu wananiita kichaa wa santuri. Nilikuwa nauza vitenge, nikivuka mpaka wa Nakonde kwenda miji ya migodi, Kitwe na Ndola, na kila nilipoweka mzigo chini niliulizia santuri kuukuu. Nilikaa kwenye vilabu na wazee wa migodini nikiwanunulia kinywaji ili wanitajie makundi ambayo nyimbo zake walizicheza ujanani. Nikayajua makundi ambayo hata wajukuu wa waimbaji hawayajui. Lipo moja la ndugu watatu na shemeji yao, walirekodi upande mmoja tu, upande wa pili akawekwa mtu mwingine kabisa kwa sababu shemeji alinuna. Kabati langu limejaa watu wa namna hiyo, walioimba mara moja wakarudi kwenye kazi zao. Kila nilipoleta santuri mpya nilikaa chini, miguu nimenyoosha, nikisikiliza kile kicheko. Sikukipata.

Mjukuu wangu akasema, "Bibi, mbona unajitesa, hii ni dakika moja." Akaiweka simu karibu na gramafoni isikilize. Simu ikasikiliza, ikazungusha kiduara chake, ikasema haijapata kitu. Kijana wa Dar, yeye anakusanya santuri kama mimi na adabu anazo, akaniambia mvuke wa birika utaibandua ile karatasi taratibu, huenda hata isichanike. Nikamwambia hiyo "huenda" yako, mwanangu, ipeleke kwa bibi yako.

Mwaka jana mzee Simkonda, yule mwenyekiti, akafariki. Sikutaka kwenda msibani. Nilimwekea kinyongo yule mzee tangu utoto kwa ajili ya kikapu cha baba, na nilikuwa nimejiapiza kwamba siku moja nitamwambia mbele za watu: tulikudanganya, uliivulia kofia soul. Akatangulia kabla sijamwambia. Mara Mama Chanda akatuma mtu: niende na gramafoni, mzee alitaka apigiwe ule wimbo wa dini wa Sikazwe. Hapo nikasema vizuri, nitakwenda, na huko huko nitausema ukweli, asikie yeyote anayeweza kusikia.

Nikapiga mchana, baada ya maziko, uwanjani kwao, watu wameinamisha vichwa. Wimbo ulipoisha nikasimama. Nikasema jamani, huu si wimbo wa dini. Ni wimbo wa mapenzi, hawa ni vijana wa soul, na baba yangu aliandika kwaya ili mzee huyu asiuchukue. Watu wakaguna. Mchungaji akatazama viatu vyake.

Mama Chanda alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akanishika mkono akanivuta nikae.

"Awe, hapana, mwanangu," akasema, "ulidhani hatujui? Bulu Lantani hao. Walikuwa wanapigwa kila Jumamosi kwenye klabu ya kambi ya mgodi kule Kitwe, ndipo huyu mzee aliponikuta. Siku ile alitoka kwenu akaja nyumbani anauimba wote, Kiingereza chote, akaniambia, nikikuuliza mbele za watu, wewe sema ni wa dini."

"Na bebi?" nikamuuliza, maana sikuwa na akili ya kuuliza kingine.

"Bebi ni mimi. Ndivyo alivyoniita mpaka juzi."

Nilikwenda pale kumwaibisha marehemu, nikaishia kulia kuliko wafiwa. Bulu Lantani. Taa za rangi ya bluu, nadhani. Maisha yangu yote nimelitafuta jina hilo Ndola na Kitwe, na lilikuwa limelala nyumba ya jirani, kwa mtu niliyemnunia. Lakini msinielewe vibaya. Kile kikapu alikichukua, na kwa kikapu sijamsamehe. Kama aliweza kuuachia wimbo wake, angeweza kuziachia na zetu.

Nikampigia kijana wa Dar nikamtajia jina. Akafurahi, kisha akaanza. Mama, kumbukumbu ya mtu mmoja si uthibitisho. Mama, hakuna mahali popote lilipoandikwa kundi hilo. Mama, sasa ndiyo tubandue kidogo, pembeni tu, tuhakikishe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watoto wa siku hizi. Nyimbo zote wanazo, na hakuna hata mmoja wanaoweza kuuficha usichukuliwe na mgambo. Sisi tulikuwa na mmoja. Baba aliukatia karatasi, mwenyekiti akauvulia kofia huku moyoni anacheza, mkewe akaulilia kanisani, na sisi tukauchezea mabega ili usikwaruzike. Huo ndio uthibitisho nilionao. Anayetaka mwingine akatafute santuri yake. Hii yangu, someni wenyewe mwandiko wa baba hapo katikati, ni kwaya.